Kabla Hujabonyeza L

Jumanne jioni, hapa kwenye duka letu la kompyuta, nilimkuta kijana wetu wa fildi ameinamia laptopu ya mwalimu mmoja wa Ukerewe. Flashi ya Windows imeshachomekwa, skrini ya partisheni, yaani vile vipande vya diski, iko wazi, mkono uko juu ya kipanya. Nikamuuliza, "Ndani mna nini?"

"Kaka, amesema inaganda tu. Nimeona nimpigie Windows mpya aondoke nayo, kesho anawahi meli."

"Sijauliza anasafiri lini. Ndani mna nini?"

Akanyamaza. Hakuwa amefungua hata folda moja. Nikachomoa flashi, nikaiwasha mashine kawaida. Ilichukua dakika kama sita kufunguka, lakini ilifunguka, na kwenye dekstopu palikuwa na folda moja tu: ALAMA DARASA LA 7 USIFUTE.

Hiyo ni mara ya tatu mwezi huu, na kila mara ni kijana mwingine. Wadogo zangu, mnafika hapa mkijua mambo ambayo mimi niliyajua nikiwa na miaka 25. Vidole vyenu ni vyepesi, na mnasoma usiku bila kusukumwa. Ila makosa mnayofanya ni yale yale, tena mnayafanya kwa kujiamini kule kule, na nimechoka kuyasema kwa mmoja mmoja. Nayaandika hapa. Someni kabla ya kushika bisibisi.

1. Uliza ndani mna nini, kisha fungua uone mwenyewe.

Mteja atakwambia "hamna kitu". Kwake "kitu" ni filamu na miziki. Barua za mkopo na picha za msiba wa baba yake amezisahau, atazikumbuka siku atakapozihitaji. Fungua dekstopu, Documents, Downloads. Angalia na akaunti za watumiaji wengine, maana laptopu moja huku kwetu ni ya nyumba nzima.

Najua mnaona nalishikilia sana jambo hili. Ngoja niwaeleze lilikotoka.

Nilikulia Kirumba, hapa Mwanza, kwenye nyumba zile zilizopachikwa katikati ya mawe, na nilikulia na kigugumizi. Jina langu mwenyewe lilikuwa linanikwama. Mwalimu akiuliza swali jibu ninalo, lakini nikisimama darasa zima linageuka, na kabla silabi ya kwanza haijatoka mwenzangu wa dawati la nyuma ameshanimalizia, tena kwa kuniigiza. Nikaacha kunyoosha mkono. Nikaacha na mpira, kwa sababu uwanjani lazima uite. Jioni wenzangu wakishuka ziwani kuogelea, mimi nilikaa juu ya jiwe na kitabu nisichokisoma, nikiwasikia wanavyocheka.

Mama mkubwa alikuwa na stoo ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Mwaka 2005 alinunua kompyuta ya mtumba: Pentium III, RAM ya MB 128, diski ya GB 20, monita ya chogo nzito kama gunia la furu. Aliiweka nyuma ya mzigo, akaifunika kitenge, na zaidi ya kijana wa hesabu aliyekuja mwisho wa wiki hakuna aliyeigusa. Siku moja akaniambia nikae pale wakati anapakia lori la Burundi. "Iangalie tu, mwanangu, wasije wakaibeba."

Nilifunua kitenge. Nikaandika jina langu. Kile kimstari chembamba kinachowaka na kuzima kikasogea, kikasimama mbele ya herufi ya mwisho, kikaendelea kuwaka na kuzima. Nikakaa bila kuandika kingine. Kikasubiri. Nikakaa tena. Hakikunimalizia neno, hakikugeuka kumtazama mtu mwingine. Nilikuwa na miaka 15, na nje ya nyumbani kwetu sikuwa nimewahi kusubiriwa namna ile.

Wiki ile ile nikafungua Excel. Kijana wa hesabu alikuwa ameacha =SUM(C2:C14) chini ya safu. Nikabadilisha 12,000 mahali fulani ikawa 15,000, na kule chini jumla ikabadilika bila mtu kuiambia. Nikairudisha, nayo ikarudi. Nilirudia kama mara kumi, moyo unaenda mbio, vumbi la dagaa limejaa kwenye kibodi na puani. Nikabonyeza F1 nipate maelezo, nikakuta yote ni ya Kiingereza, nikaenda kuazima kamusi. Kiingereza nilicho nacho leo nilikipata nyuma ya magunia yale.

Nusu yenu mmetoka huko huko, na huwa nawatambua siku ya kwanza. Yupo asiyetazama watu usoni. Yupo binti anayevaa spika za masikioni hata kama hazipigi kitu, ili asisemeshwe. Mkishika mashine mnakuwa watu wengine kabisa, mabega yanashuka. Nawapenda kwa hilo, na kwa hilo hilo nawaogopea: sisi tuliozoeana na mashine kabla ya kuzoeana na watu, kuuliza kunatuwia vigumu. Tunaona afadhali kubahatisha kuliko kufungua mdomo. Tunaiita kujiamini.

2. Swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai isomeke 230, si 115, kabla hujachomeka waya.

3. RAM ikigoma na mashine inapiga mlio, itoe, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, irudishe.

Na feni zisafisheni. Vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi na kufuata taa vinaingia mpaka ndani ya pawa saplai, vinakufa humo, vinashikana na vumbi. Kuna mashine niliifungua Igogo nikadhani mtu ameishindilia pamba.

4. Usimfanyie mteja saprizi.

Hapa nitakaa kidogo.

Mimi ndiye niliyemshawishi mama mkubwa aache madaftari. Nilimwambia kompyuta hailowi, haiibiwi kurasa, haikosei kujumlisha. Maneno hayo nilimwandikia kwenye skrini, kwa sababu kuyasema kungechukua asubuhi nzima, naye akayasoma akacheka akakubali. Kufikia 2007 biashara yake yote ilikuwa mle: jina la mvuvi, mwalo wake, lita za mafuta ya taa, petroli, nyavu, tarehe. Yeye aliwakopesha vifaa, wao wakamlipa kwa dagaa. Mnaotoka mikoa mingine mjue kwamba dagaa walivuliwa usiku wa giza kwa karabai. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu. Kwa hiyo deni lilifuata mwezi wa angani, si wa kalenda, na mtu asiye na kumbukumbu sahihi alipotea haraka.

Diski niliigawa mara mbili, C na D. Nikamwonyesha: mahesabu yanakaa D, C ikiharibika D inabaki. Nilikuwa sahihi. Mpaka leo nawafundisha hivyo hivyo.

Agosti mwaka huo alisafiri na mzigo kwenda Dar es Salaam. Mashine ilikuwa imejaa virusi vya flashi, inachukua dakika kumi kuwaka. Nikaazima CD ya Windows XP kwenye kafe moja ya intaneti ya mjini, nikajiambia atarudi aikute mpya, atafurahi. XP ilitaka ubonyeze D kufuta partisheni, kisha Enter, kisha L kuthibitisha. Itazameni kibodi: D iko mkono wa kushoto, L iko mkono wa kulia, mstari ule ule. Hizo herufi mbili zina umbali wa kutosha mtu kubadili mawazo njiani. Mimi sikubadili. Nilifuta C, nikaiacha D salama, nikasubiri huku nimeridhika.

Ilipomaliza nikafungua D. Faili lilikuwepo. Nikalibofya kulia nione tarehe. Machi.

Nikafunga, nikafungua tena, kana kwamba tarehe ingebadilika kama ile jumla ya siku ya kwanza. Machi ndiyo mwezi ambao kijana wa hesabu aliacha kazi na mama mkubwa akaanza kuandika mwenyewe. Tulimsifu nyumba nzima: mwanamke wa miaka 50 na ushee, ameishia darasa la saba, anaendesha Excel. Alikuwa akifungua ukurasa mtupu, anaandika madeni ya siku, anabonyeza kile kialama cha disketi, na Excel inamwekea mahali inapopajua yenyewe, My Documents. My Documents ilikuwa C. Miezi mitano ya madeni ilikuwa C. Hakuwa amefungua D hata siku moja, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Ningeweza kumpigia simu. Namba ninayo, vocha ninayo. Swali lenyewe lilikuwa fupi: mama, unahifadhi wapi? Nilijua ningekwama kwenye "unahifadhi", ningeanza upya, pengine dakika nzima ingepita huku muda wa maongezi unakatika na watu wa stoo wananitazama. Nikaona nakijua kitu hicho, sina haja ya kuuliza. Nilijiepusha na dakika moja ya aibu, nayo ikamgharimu miezi mitano.

5. Ukishafuta kwa bahati mbaya, toa mikono.

Hili ni kosa la pili la siku ile ile, na ndilo mnalolirudia zaidi. Kufomati haraka hakufuti data. Kunafuta orodha ya mahali zilipo, kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu. Kinachoua ni kile unachoandika juu yake baadaye. Mimi nilikuwa nimeshaandika Windows nzima, zaidi ya GB 1, na badala ya kuizima mashine nikakimbilia kafe kupakua programu ya kurejesha mafaili. Huo ni wakati kabla ya mkongo wa baharini wa 2009, kafe zinategemea satelaiti, MB chache zinakula saa yako yote uliyolipia. Nikarudi, nikaiweka programu ile kwenye C. Kwenye C! Juu ya kaburi lenyewe.

Iliniletea mafaili mia kadhaa yasiyo na majina. Nilifungua moja moja mpaka soko likafungwa na mlinzi akaja kunigongea. Moja lilikuwa na jina la mvuvi wa kisiwa cha Ukara na lita 20, kisha viboksi vitupu mpaka chini. Nililihifadhi hilo hivyo hivyo. Sikujua la kufanya nalo.

Sahihi ni hivi: zima, toa diski, ipachike kwenye mashine nyingine kama diski ya pili, itengenezee nakala nzima kwanza, fanyia kazi ile nakala, na kinachopatikana kiweke diski tofauti. Na hiyo ni kwa diski za zamani zinazozunguka. SSD zenu za leo zina TRIM. Windows inaiambia diski kwamba sehemu hizi hazitumiki tena, na diski inazisafisha yenyewe kimyakimya. Mimi nilipata angalau viboksi. Ninyi hamtapata hata hivyo viboksi.

Mama mkubwa alirudi Alhamisi. Nilimsubiri mlangoni mwa stoo. Neno lilikuwa "zimefutika", na Z ikanishika. Alikaa juu ya gunia, mkoba wa safari bado uko begani, akasubiri. Mmoja wa wapagazi akataka kunimalizia. Mama mkubwa akamnyooshea kiganja bila kumtazama, naye mpagazi akanyamaza. Nikalimaliza mwenyewe.

"Zote?"

"Tangu Machi."

Akatazama ile kompyuta muda mrefu, na kitenge nilichokuwa nimekikunja vizuri juu ya monita. Nilitaka anipige. Kisha akauliza, "Mbalamwezi inaanza lini?"

Sikuelewa. Yeye alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya siku ambazo wavuvi watakuwa nchi kavu.

Tulipanda meli mpaka Nansio, gari mpaka Bugolora, kivuko mpaka Ukara, na kutoka hapo mitumbwi kwenda kwenye kambi. Alinunua kauntabuku kubwa ya jalada gumu, akanikabidhi pamoja na kalamu mbili. "Mimi nitasalimia," akasema. "Wewe utauliza." Nikafikiri ni adhabu. Niliuliza watu karibu 40 swali lile lile: unadaiwa nini na mama? Kwa wa kwanza nilichukua muda mpaka akaenda kutafuta kigoda akakaa. Kufikia wa kumi nilikuwa bado nakwama, ila nilikuwa nimeacha kutazama chini. Wengi walisema kweli, wengine wakakumbuka hata lita mbili. Wengine walipunguza, tuliona wazi. Watatu wakasema hawamfahamu kabisa mama huyu, na mmoja wao alikuwa amevaa koti la mvua alilomkopesha.

Mzee mmoja wa Ukara alitusikiliza mpaka mwisho, akatuongoza kwenye kibanda chake, akaufunga mlango ili tuuone upande wa ndani. Ulikuwa na vistari vya mkaa, vitano vitano, vingine vimekatwa. Akaanza kusoma kwa kidole: hii nyavu, hii petroli, hii nimeshalipa. Nikaandika kila kitu. Hiyo ilikuwa bekapu ya kwanza maishani mwangu niliyoiona ikifanya kazi.

Fedha nyingi zilirudi, zote hazikurudi. Mwaka ule mama mkubwa hakununua nyavu mpya, na binti yake alisubiri mwaka mzima kwenda chuo. Dada yangu huyo hajawahi kunitamkia lolote. Kila sikukuu ananipikia ugali wa muhogo na sato, ananiuliza kazi zinaendaje, nami kila mara naona ule mwaka wake.

6. Laptopu mpya nyingi zimefungwa na BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data za diski. Usiguse BIOS (ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) wala madabodi kabla mteja hajakuonyesha ule ufunguo wa tarakimu 48.

7. Flashi ikionyesha njia za mkato badala ya mafolda, usifomati, mafaili yamefichwa tu: skani virusi kwanza, kisha fungua Command Prompt kwenye flashi hiyo uandike attrib -h -r -s /s /d.

8. Bekapu ni nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Nakala mbili kwenye diski moja ni nakala moja. Na C na D ni diski moja, nimeshawaambia.

9. Andika kwenye kauntabuku.

Mnaiona pale kaunta, ile nyeusi, na mnajiuliza kwa nini duka la kompyuta linaandika kwa kalamu. Binti mmoja aliniambia angenitengenezea mfumo mzuri kwa wiki moja. Atengeneze, nitautumia, na kauntabuku itabaki. Kabla mashine haijafunguliwa andika jina, simu, tatizo kwa maneno ya mteja mwenyewe na si kwa maneno yako, ndani mna nini, viko folda gani, nakala iko wapi. Msomee. Asaini. Asiyeweza kuja, apigiwe.

Jumanne ile nilimwambia kijana ampigie mwalimu. Akasema atamtumia meseji. Nikamwambia hapana, piga. Alizungukazunguka na simu mkononi, akasafisha skrini yake kwa shati, akaenda mlangoni, akarudi. Yeye hana kigugumizi, lakini shingo ilikuwa imemwiva kama yangu ya siku zile. Nilisimama kando nikajishughulisha na feni, nisimsaidie neno.

"Shikamoo mwalimu. Samahani. Mimi ni... ni fundi. Nilikuwa naomba kujua ndani ya laptopu mna nini."

Mwalimu akaanza kueleza, na sauti yake ilisikika mpaka kwangu. Alama za darasa la saba. Kumbukumbu za kikoba cha walimu. Picha za mahafali. Kijana akavuta kauntabuku, akaanza kuandika ameibana simu begani. Alipofika mwisho akanitazama, nami nikaendelea na feni yangu.

"Kuna kingine, mwalimu?" akauliza.

Kukawa kimya upande wa pili. Kijana akasubiri, kalamu iko juu ya karatasi. Kisha mwalimu akasema kuna folda nyingine iko ndani ya New Folder, ndani ya New Folder nyingine, ya wosia wa mama yake, aliuchapa mwenyewe mama akiwa hospitali, na nakala yake haipo popote.

Kijana akafungua ukurasa wa pili.